Cheti cha Anga Safi Tunaomba Kisubiri

Mgeni rasmi, wenzetu mliovuka kutoka Narung'ombe upande wa Ruangwa, na wanakijiji wa Namitonga: karibuni, na poleni kwa macho kuwasha. Mgeni wetu alitarajiwa saa nne asubuhi, amefika saa nane. Hatulalamiki. Mbele tutaeleza kwa nini tunashukuru.

HISTORIA
Kikundi chetu kina watu kumi na mmoja. Tulianza mwaka juzi, baada ya moto wa kusafishia shamba kuruka na kuunguza mikorosho tisa ya Bi. Zuhra, yote ikiwa na maua. Katibu wetu, Ndugu Felisian, fundi baiskeli, alijifunza mwenyewe kusoma kwenye simu picha za setilaiti zinazoonyesha moto na moshi. Alama nyekundu ikitokea, tunakimbia na matawi mabichi kuuzima.

MAFANIKIO
Mwaka juzi alama zilikuwa sitini na moja. Mwaka huu hakuna hata moja. Ndiyo maana umetuletea Cheti cha Anga Safi.

CHANGAMOTO
Mgeni rasmi, hapa ndipo penye aibu yetu. Felisian, mtu wa utaratibu, aligundua kuwa setilaiti ile hupita mara moja tu mchana, karibu saa saba na nusu. Akaandika ratiba kwa kalamu nene, akaibandika ofisi ya kijiji kando ya ratiba ya kliniki ya watoto, ili wazima moto wajiandae. Waliojiandaa ni wachomaji.

"Katibu, ubarikiwe," Mzee Mahamudu alimwambia. "Basi la Masasi hatujui litapita lini, lakini hicho chombo chako hakijachelewa hata siku moja. Kikishapita tu, mie nawasha."

Felisian alikwenda kubandua karatasi, akakuta watu wameshaipiga picha. Mioto hiyo ya alasiri imekula mingine, na Bi. Zuhra amebakiwa na mikorosho minne.

MAOMBI
Tunaomba uondoke na cheti, kisubiri. Tumesikia ipo setilaiti nyingine isiyopita kama basi. Imekaa juu pale pale, inatutazama kila robo saa. Tuletewe mtaalamu atufundishe kusoma picha zake. Hiyo haina ratiba ya kubandika.

Ungefika saa nne ungekuta anga jeupe, nasi tungepokea cheti kwa makofi. Moshi unaopanda nyuma ya hema ni wa Mzee Mahamudu, aliyeomba udhuru saa saba na nusu kamili. Shamba lake limepakana na ile mikorosho minne.

Kwa hiyo tunakatisha. Matawi yapo chini ya viti vyetu. Chini ya chako tumeweka tawi lenye majani mengi. Mwenyezi Mungu akujalie kifua kizima na mguu mwepesi.

Ni sisi,
Kikundi cha Wafuatilia Moshi, Namitonga, Nachingwea