Mashine Mbili za Tluway

EVARISTA: Haloo? Nani anazungumza?

OPERETA: Chuo cha uvuvi, Mwanza? Simu yenu kutoka Karatu. Karatu, zungumza.

THOMASI: Haloo? Dada Eva? Mimi hapa, mdogo wako. Thomasi.

EVARISTA: Thomasi. Nani amekufa?

THOMASI: Hakuna aliyekufa. Shikamoo, dada.

EVARISTA: Marahaba. Mama?

THOMASI: Mzima, yuko Kansay. Mke wangu Hyasinta mzima, watoto wazima. Dada, niko posta na kuna mtu ananisubiri hapo nje, anataka jibu leo. Naomba unichagulie mashine ya boti.

EVARISTA: Laini ina kelele. Rudia.

THOMASI: Mashine. Ile ya kupachika nyuma ya mashua. Si ndiyo unayofundisha huko?

EVARISTA: Ndiyo ninayofundisha. Wewe unalima ngano.

THOMASI: Nilipata mashua ya tanga. Ya yule Mzungu aliyekuwa anahesabu ndege ziwani Eyasi. Alipoondoka akaniachia.

EVARISTA: Na tanga lina kasoro gani?

THOMASI: Halina kasoro. Upepo ndio... Asubuhi unakwenda vizuri. Alasiri unapiga kutoka upande wetu, haukuachii urudi. Mara ya mwisho ulinitupa ng'ambo kwa Wahadzabe.

EVARISTA: Wakakufanya nini?

THOMASI: Wakanipa asali. Wakacheka. Nikarudi kwa miguu, mashua ikafuata baadaye. Sasa Karatu nzima wananiita Kapteni. Padre naye, baada ya misa, kaniuliza kama meli ina nafasi ya abiria.

EVARISTA: Wewe ukamjibu?

THOMASI: Dada, usicheke.

EVARISTA: Sicheki, naandika. Mashua ina urefu gani?

THOMASI: Futi kumi na mbili. Huyu anayenisubiri nje, Tluway, mvuvi wa Mangola, ana mashine mbili. Ndogo ya hosipawa mbili na kubwa ya kumi na tano. Mimi nimependa kubwa.

EVARISTA: Kwa sababu gani?

THOMASI: Tuliziwasha zote ndani ya pipa la maji. Ile ndogo inakohoa tu. Kubwa ilinguruma mpaka mbuzi wa Tluway wakakata kamba. Na ina kifua, dada. Shingo nene, mguu mrefu—

EVARISTA: Umechagua mashine au dume la mbegu?

THOMASI: Nguvu ni nguvu.

EVARISTA: Sikiliza. Mashua ya tanga imechongwa iende taratibu. Ikifika mwendo wake, hata uipe farasi mia haiongezi kitu, inachimba maji tu. Mashine ya kumi na tano ina uzito wa gunia dogo la mahindi. Itundike nyuma, kaa na wewe hapo hapo uishike usukani, mashua itakalia mkia kama mbwa. Maji yataingia kwa nyuma. Unajua kuogelea?

THOMASI: Maji ya Eyasi si marefu.

EVARISTA: Yanafika wapi?

THOMASI: Magotini. Katikati kiunoni. Mwaka jana yalikuwa—

EVARISTA: Mwaka huu. Na mguu wa hiyo mashine unafika wapi?

THOMASI: Magotini.

EVARISTA: Utalima, basi. Umekwenda ziwani na jembe. Na yale magadi ya ziwani yanakula bati la mashine. Kila ukitoka lazima uisukumie maji baridi ndani, ya chemchemi. Petroli unapata wapi?

THOMASI: Kwa kibali.

EVARISTA: Magari ya hospitali yanalala kwa kukosa petroli, na wewe watakuandikia kibali cha kurudi kutoka kwa Wahadzabe.

OPERETA: Karatu, dakika tatu zimekwisha. Mnaongeza?

THOMASI: Tunaongeza.

EVARISTA: Haya. Kama ni lazima, chukua ile ndogo. Ni nyepesi, inainuka ukigusa tope, inakunywa kidogo. Upepo ukikataa inakurudisha. Inatosha kabisa. Tluway anaziuza kwa nini?

THOMASI: Anaacha uvuvi. Amepata shamba Mbulu, anataka kulima. Kwake yote mamoja, nichague ninayotaka. Yeye anataka maksai wawili.

EVARISTA: Ngoja. Mvuvi anatoa mashine apate ng'ombe wa kulimia. Mkulima anatoa ng'ombe wa kulimia apate mashine. Mmoja wenu ameliangalia ziwa.

THOMASI: Mvua zikirudi litajaa.

EVARISTA: Maksai gani?

THOMASI: Haloo? Dada, laini—

EVARISTA: Laini ni safi. Maksai gani, Thomasi? Wako walikufa kwa ndigana. Uliniandikia mwenyewe.

THOMASI: Wale wekundu.

EVARISTA: Wale wekundu ni watoto wa ng'ombe wangu.

THOMASI: Najua, dada.

EVARISTA: Nilimwekesha kwako. Maziwa unywe, mbolea utie shambani, maksai wakulimie. Ng'ombe na wanawe ni wangu. Hyasinta amesema nini?

THOMASI: Amesema nikupigie simu.

EVARISTA: Kabla au baada?

THOMASI: Kabla. Lakini Tluway alikuja mapema. Tumeshakunywa pombe, na ameshawavua kamba yangu akawavalisha yake.

EVARISTA: Kwa hiyo hawarudi.

THOMASI: Akishafunga kamba yake, unajua mwenyewe. Nikivunja nitaonekana mtu gani? Lakini hakijaharibika kitu, dada. Mila ni ile ile. Mashine inakuwa yako, mimi nakutunzia. Kama nilivyowatunza maksai.

EVARISTA: Hapo umesema jambo la maana.

THOMASI: Nilijua utaelewa.

EVARISTA: Ng'ombe nilimwekesha Kansay kwa sababu Kansay kuna majani. Hapa Mwanza ningemlisha makaratasi ya mitihani. Sasa mashine mtu anaiwekesha wapi?

THOMASI: Kwenye... mashua.

EVARISTA: Kwenye maji. Mwambie Tluway unachukua ile ya kumi na tano.

THOMASI: Si umesema itaizamisha mashua?

EVARISTA: Mashua yako. Huku kuna mitumbwi ya futi ishirini na nane, inaibeba bila kuyumba, na wenyewe wanaitafuta usiku na mchana. Mwaga petroli yote, funga mashine kwa magunia, ipakie kwenye basi la Musoma, nitaifuata huko. Isilazwe kichwa chini.

THOMASI: Dada, na mimi?

EVARISTA: Una tanga.

THOMASI: Mvua zinakaribia. Shamba nitalima na nini?

OPERETA: Karatu, muda umekwisha. Mnaongeza?

THOMASI: Tunaongeza—

EVARISTA: Hatuongezi. Msalimie Hyasinta. Mwambie msimu huu nitamtumia yeye pesa ya kukodi trekta, siyo wewe. Na nikikuta mkwaruzo kwenye—

THOMASI: Haloo? Dada? Haloo?

OPERETA: Mwanza wameshaweka simu, Kapteni. Na basi la Musoma halichelewi.