Papa Ignace, Aliyetufundisha Kusikiliza

Ndugu waombolezaji, mapadri wetu, majirani, walimu wenzake, nanyi wageni mliopewa viti vya mbele, familia imenituma mimi David, mtoto wa mdogo wake, niwasomee maisha ya Papa Ignace Mulenda, na imenisihi nisome polepole, kwa sababu marehemu hakumpenda mtu anayekimbiza maneno ili yasishikwe.

Papa Ignace alizaliwa Kirungu tarehe 12 Machi 1955, mtoto wa tatu wa Papa Isidore, mkulima wa maharage, na Mama Tina, akasoma shule ya msingi kwa mapadri hukohuko mlimani, akashuka Kalemie kwa masomo ya sekondari, akapata diploma ya serikali mwaka 1975, na mwaka uleule akapewa darasa. Alifundisha Kifaransa hadi mwaka 2019, lakini waliopita mikononi mwake wanajua kwamba somo lake hasa lilikuwa kusema mbele za watu: kurudia neno mara tatu mpaka lizame, kuuliza swali ambalo jibu lake liko tayari mdomoni mwa msikilizaji, kusema "sisi" pale ambapo kazi ni ya mtu mmoja, na ile mbinu aliyoipenda kuliko zote, kuanza methali kisha kunyamaza, ili umati uimalizie na kuona kwamba wazo zima limetoka kwao. Mwanafunzi wake hodari kupita wote alikuwa Casimir, ambaye leo ni mheshimiwa, na ambaye tunaye hapa.

Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa takatifu na Mama Bertille, wakajaliwa watoto wawili, Steve na Syntiche, na wajukuu, wakajenga huku kwetu Kalemie, upande wa juu wa reli, mtaa ambao bomba halijaufikia hata siku moja, nasi hadi leo tunachota ziwani.

Novemba 2011 Casimir alikuja kwenye kiwanja chetu kuomba kura, akaahidi maji, maji, maji, akainua mkono na kusema "Haba na haba", akanyamaza, na mtaa mzima ukamjibu "hujaza kibaba", na hatutaficha kwamba siku ile Papa Ignace alirudi nyumbani akitabasamu, kama mwalimu yeyote angefanya. Maji hayakuja. Desemba 2018 mheshimiwa alirudi na maneno yaleyale, mkono uleule, methali ileile, watu wakaitika tena, na safari hii mwalimu hakutabasamu, maana aliona ufundi wake umegeuka wavu, na samaki ni majirani zake.

Kwa hiyo mwaka 2023, kabla ya kampeni, aliwaita vijana na akina mama wa kwaya uani kwake, akawafundisha kila mtego, mmoja baada ya mwingine, ili wasinaswe tena. Na hapa ndipo moyo wake ulipochoka, ndugu zangu, kwa sababu siku ya mkutano wa Casimir watu walizitambua mbinu zote, wakazisubiri kama wimbo wanaoujua, na kila ilipotokea moja wakapiga vigelegele, hata Mama Lucie, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akamgeukia na kumwita kwa furaha, "Papa Ignace, ndio ile yako ya mara tatu, anaifanya muzuri kabisa!", na methali ilipoanzwa waliimalizia kwa sauti kuliko miaka yote, kisha wakaenda kumpigia kura Casimir. Papa hakula siku ile. Alimwambia Mama Bertille kwamba amewafundisha watu utamu wa chambo, ndoana hawakuiona.

Jioni ya tarehe 10 Januari 2026 alishikwa na kipindupindu, Steve akampakia kwenye pikipiki hadi kituo cha matibabu, akawekewa dripu, lakini mwili wa mzee ulikuwa umekauka, akatutoka Jumanne tarehe 13 Januari, akiwa na miaka sabini, na mwili wake hata kuuosha tulikatazwa. Msituambie kwamba ni kazi ya Mungu, familia inasema wazi kwamba ina hasira, maana mtu huyu ameuawa na maji tunayokunywa sote.

Siku moja kabla ya kufa alimwambia Syntiche kwamba desturi yetu ni kumpa mkubwa neno kwenye mazishi, basi Casimir asinyimwe, ni mtoto wake naye, lakini akianza methali mtu yeyote asiimalizie, watu wote wanyamaze mpaka ataje siku ambayo maji yatafika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, walimu wenzake waliochimba kaburi, kwaya, na majirani, hasa Mama Lucie, ambaye tangu msiba uanze amekuwa akituchemshia maji ya kunywa huku analia.

Mheshimiwa, nikikunja karatasi hii kipaza sauti ni chako, njoo useme. Nasi, Papa Ignace, safari hii somo tumelishika, midomo tumeifunga, tunasubiri siku. Pumzika kwa amani.