Tumbo Lisiponena, Kinywa Hakinywi

Sikilizeni, wanangu. Sogezeni viti, na wewe kifungua mimba zima hiyo simu, wenye mizigo watalingoja lori lako, baba yako hana kesho ya kukuazima. Jana madaktari wenzangu walinipasua tumbo, wakachungulia, wakanishona palepale, na mpasuaji anayemaliza kazi kabla chai yake haijapoa huwa hana habari njema. Kuzisoma nyuso za namna hiyo ndiyo kazi niliyofundisha maisha yangu yote, kwa hiyo msinifiche wala msijichoshe kunichekea.

Nianze na nyumba, maana nyumba ndiyo huwafanya ndugu wasizikane. Ni yenu wote wawili. Wewe dereva ukae upande wa barabarani unakoegesha hilo dude lako, na mdogo wako achukue chumba cha vitabu na ua wa nyuma. Asiuziwe mtu hata tofali. Mkikorofishana kwa ajili ya ukuta, kumbukeni kwamba ndugu wakigombana watu hushika jembe wakalime, na wakipatana hushika kapu wakavune.

Sasa nikugeukie wewe, kitinda mimba wangu, daktari wangu. Usiangalie sakafu, niangalie mimi.

Unajua wanafunzi walivyoniita: Mzee Umejuaje. Kijana akisimama kando ya kitanda akasema dawa hii inaponya, namuuliza, umejuaje? Umewalinganisha wagonjwa wako na akina nani? Walioacha dawa katikati umewahesabu? Mmoja aliwahi kunijibu, "Nimempa, kapona." Nikamwambia, mwanangu, jogoo awike asiwike, kutakucha, nenda katafute mtaa usio na jogoo uone kama huko jua limegoma kutoka. Wodi nzima ilicheka, mpaka mgonjwa akashika mshono wake. Nami nikavimba kichwa, nikaamini nimewatoa vijana wa watu kwenye ule ugonjwa wa "mkubwa kasema".

Kumbe nyani haoni kundule. Lilikuwapo jambo moja ambalo sikuwahi kuliuliza umejuaje. Mtu akitoka kupasuliwa tumbo, nilikataza asipewe hata tone la maji mpaka tumbo lingurume. Nililipokea kwa mwalimu wangu, naye kwa mwalimu wake, na siku moja nikipanda ngazi za wodini na wanafunzi nyuma yangu nikalipamba kwa mzaha: tumbo lisiponena, kinywa hakinywi. Loo, likapendwa! Likaimbwa kwenye korido, likajibiwa kwenye mitihani, nami nikaligawia alama. Neno likiwa tamu kiasi kile, nani atalidai ushahidi?

Mama yenu alilazwa wodi hiyohiyo, akapasuliwa tumbo. Uvimbe wake haukuwa wa kupona, na hilo sikulisababisha mimi. Lakini aliniomba maji. Hakumwomba daktari, alimwomba mume wake: "Baba watoto, nilowanishe ulimi tu." Nikamwambia asubiri tumbo linene. Halikunena, wanangu. Nilimzika mke wangu midomo imempasuka kwa kiu, na sababu niliyokuwa nayo ni vina nilivyovitunga kwenye ngazi. Kila ninapokunywa maji namkumbuka, na najionea aibu.

Wewe ulikuwa mwanafunzi wakati huo. Hukunilaumu, hukununa. Ulikwenda ukafanya kile hasa nilichokufundisha: ukaomba ruhusa, ukawagawa wagonjwa kwa kura, hawa wanywe maji na chai mapema, wale wangoje kama kawaida, kisha ukahesabu bila kumpendelea yeyote. Ukaniwekea matokeo mezani. Waliokunywa hawakudhurika kuliko wenzao, na walirudi makwao mapema zaidi. Mimi, Mzee Umejuaje, niliyasoma yote, nikatafuta kasoro, nikaikosa, halafu nikakuambia, "Wagonjwa ni wachache mno, badilisha mada." Uongo mtupu. Sikuwa naona wagonjwa wachache, nilikuwa namwona mama yako ananiashiria kikombe. Kuikubali kazi yako kulikuwa kukubali kwamba nilimnyima bure.

Ukabadilisha mada. Umetibu watu vizuri tangu hapo, lakini kufundisha ulikataa, na mezani kwangu hukuuliza tena swali lolote, nami nikauita ukimya wako adabu. Msimamizi wako, yule bibi mpasuaji mwenye mdomo mkali, alinifuata ofisini akaniuliza, "Mwenzangu, umeogopa nini?" Tangu siku ile nikamkatia salamu. Huyo mwiteni mazikoni, mumkalishe mbele, mumwambie salamu zake zote nilizomnyima zimfikie kwa pamoja.

Na leo asubuhi nimeipata yangu. Kaja daktari kijana, mwanafunzi wangu wa juzijuzi, nikamwomba maji. Akatabasamu, masikini, akidhani ananifurahisha: "Bado, Mwalimu. Tumbo lisiponena, kinywa hakinywi." Nikamuuliza, "Umejuaje?" Akanijibu kwa heshima zake zote, "Si ulisema wewe, Mwalimu?" Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanangu, ila changu mimi hakina maji. Kijana hana kosa. Mazuri yote niliyomfundisha ameyasahau, kashika lile moja nililomwimbia.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu: rudi darasani. Lile somo langu la wanafunzi wapya lishike wewe. Simama mbele yao unitaje kwa jina, useme huyu alikosea, na hivi ndivyo tulivyojua. Wakisema unamvunjia marehemu heshima, waambie marehemu mwenyewe kaagiza. Rudia utafiti wako kwa wagonjwa wengi zaidi, na ukikuta nilikuwa sahihi, useme hivyohivyo, maana hapo ndipo penye kazi... Na ule msemo msiuandike juu ya kaburi langu. Nawajua wanafunzi wangu, watataka.

Pumzi inanitoka. Niwieni radhi, nyote wawili. Kwa mama yenu nitakwenda kuomba mwenyewe. Mungu awape macho ya kuona na ulimi wa kuuliza, na wajukuu wangu wawe wasumbufu, wawaulize mpaka mchoke... Wewe dereva, lia taratibu, kuna wagonjwa humu.

Kikombe kile... pale dirishani. Kijiko kimoja tu. Hapana, baba, si wewe, wewe utanipa kwa huruma. Anipe mdogo wako.

Mwanangu... usinipe kwa kuwa nimesema mimi. Nipe kwa kuwa unajua.