Filamu Tisa za Marehemu Dalila Helder

Ndugu waombolezaji, Tumsifu Yesu Kristo. Historia hii inasomwa na kaka mkubwa wa marehemu, Anold Helder, mwenyekiti wa jumuiya, ambaye ameiandika mwenyewe kwa elimu yake ya darasa la saba, na makosa yake ameyaandika humo humo kwa jina lake, kama angeandika ya mtu mwingine.

Marehemu Dalila alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 kijijini Mahurunga, mtoto wa pili wa mzee Helder na mama Isabel, waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita, akabatizwa mwaka huo huo, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1991 hadi 1997, akafaulu, ila hakuendelea, kwa sababu Anold alimwambia baba kwamba msichana akisoma sana haolewi, na baba akamsikiliza.

Mwaka 2002 alihamia Chuno, hapa Mtwara mjini, akajifunza kupiga video za harusi na vipaimara, tarehe 7 Agosti 2004 akafunga ndoa takatifu na Erasto, wakajaliwa watoto wawili, Riziki na Mikaeli. Kuanzia 2009 alitengeneza filamu zake mwenyewe, saba za kutisha na mbili za mapigano, bila kampuni wala mfadhili, damu ikiwa ni juisi ya rozela, Erasto akishika taa, na jirani yao Hawa akicheza mzimu, hata watoto wa Chuno wakikutana naye sokoni humwamkia, "Shikamoo Mzimu," naye huwaitikia marahaba kwa sauti ya kaburini.

Filamu ya tisa ilihusu lipiko, yule mcheza ngoma avaaye sura ya mti, na maneno yakaenea kwamba Dalila, mwanamke, ameiba sura ya lipiko jandoni. Ijumaa Kuu, tarehe 19 Aprili 2019, Anold aliongoza watu wa jumuiya hadi kwa mdogo wake, wengine wenu mmekaa hapa mbele, wakatoa ile sura, kompyuta na kanda zote, wakachoma uani huku wakiimba. Sura iliposhika moto ilitoa harufu ya uji wa muhogo ulioungulia chini ya sufuria, Anold akajua palepale kwamba si ya jando, ni magazeti na gundi ya unga, kazi ya mikono ya Dalila, lakini alipandisha sauti ya wimbo. Hakuwa ameona filamu hata moja.

Dalila hakutengeneza nyingine, na wenye harusi nao wakaogopa kumwita.

Novemba 2023 aligundulika ana saratani ya titi, akatibiwa hapa Mtwara na Dar es Salaam. Jumapili, tarehe 1 Juni 2025, Anold alikwenda wodini kuomba msamaha, marehemu akamjibu, "Kaka, unatubu jambo usilolijua? Riziki amebakiwa na filamu moja kwenye simu. Itazame kwanza, halafu njoo." Anold akaona kutazama ni dhambi, akasema kesho, zikapita kesho kumi na moja, hadi Alhamisi, tarehe 12 Juni, saa nne asubuhi, Dalila alipofariki.

Jana Anold aliitazama. Lipiko anachukua watoto wa kijiji, wanaume wote wanakimbia, anabaki mwenyekiti wa jumuiya, mwoga, lakini anaingia ndani na kumtoa mtoto wa mwisho kwa mkono. Aliyemcheza ni Erasto, amevaa koti la kijivu la Anold, lililopotea mwaka 2016, Anold akawasingizia majirani wizi, na mtoto yule akifika nje anamwita kwa jina, "Asante, baba Anold."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waigizaji wenzake, Hawa aliyemwogesha hadi siku ya mwisho, na majirani walioleta kuni za msiba huu, ingawa baadhi yao waliwahi kuleta kuni nyumba hii hii siku ya Ijumaa Kuu.

Dalila, kaka yako ameitazama, na amekuja. Pumzika kwa amani, ile tuliyokunyima.