Evanthia Zisi, Wakili wa Waliofiwa, Anapumzika

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi Evanthia Zisi anastaafu rasmi tarehe 31 Mei. Ofisi yetu ya uwakili hapa Volos itabaki na kiti chake, na birika lake la kahawa ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulisugua, na ukimya ambao kusema kweli sijui tutaufanyia nini.

Alikuja kutoka Karditsa akiwa wakili kijana mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Akapewa kesi ambazo wengine walizikwepa: madai ya watu waliofiwa kwa uzembe wa mtu mwingine. Wateja aliwaeleza bila mbwembwe. "Sikilizeni, wanangu. Hapa hatumuuzi marehemu. Aliyekuwa akimtegemea atadai matunzo. Familia itadai fidia ya uchungu. Na karatasi ya bima msiitie sahihi kabla sijaisoma, hata wakija nayo na maua." Walimwogopa kidogo, kisha wakampenda sana.

Tatizo ni hilo neno familia. Sheria yetu inalitaja tu, haisemi ni nani na nani. Mume au mke, watoto, wazazi, ndugu, hao hawana shida. Wengine inabidi wapiganiwe, na ndipo ilipokwama kesi ya Bi Stamatia Koliou.

Bi Stamatia alikuwa mama wa kambo. Alimlea Sotiris tangu anatambaa. Baba mtu akafariki, wakabaki wawili. Siku moja Sotiris akiwa kazini kwenye ghala bandarini, mzigo ukamwangukia kutoka kwenye kreni iliyokuwa haijakaguliwa. Wakili wa kampuni ya bima ya ghala akasimama mahakamani akasema mama huyu hakumzaa marehemu, wala hakumwasili kisheria, na marehemu mwenyewe alikuwa akimwita kwa jina. Ilikuwa kweli, alimwita Stamatia. Mama wa watu akakaa macho makavu. Alishasikia minong'ono kwamba analilia hela, akaapa hawatayaona machozi yake. Kilichomtesa ni kwamba mahakama ingeweza kuandika, kwa mhuri, kuwa yeye na mtoto wake walikuwa watu baki.

Shahidi wa bima alikuwa Bi Asimina, shangazi wa Sotiris, ambaye haivi chungu kimoja na Stamatia. Evanthia, aliyetufundisha sote kwamba shahidi haulizwi swali usilolijua jibu lake, akainuka akauliza: "Mwaka Mpya wa mwisho, keki ya Mtakatifu Vasili alikata nani, na vipande alivigawa kwa mpangilio gani?" Mimi nikainamisha kichwa. Jibu hakulijua, na nilijua tumekwisha.

Bi Asimina anawachukia watu, lakini anamwogopa Mungu. "Alikata Sotiris," akasema. "Cha kwanza cha Kristo. Cha pili cha nyumba. Cha tatu..." Akamtazama Stamatia. "Cha tatu akampa huyu, na mimi mkubwa kwa umri nimekaa pale. Nikanuna mpaka Epifania, siku tano nzima."

Jaji mmoja akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Hakuna mtu mle ndani aliyehitaji kuambiwa kwamba kipande cha tatu hupewa baba wa nyumba, na kama hayupo, mama.

Hukumu ilipotoka, Evanthia aliisoma hapa ofisini. Bi Stamatia akaomba arudiwe pale palipoandikwa "mama yake". Akarudiwa. Akavua miwani, akasema, "Haya, sasa nitalia," akaangua kilio. Evanthia naye, aliyetupiga marufuku kulia mbele ya wateja, akamshika mikono wakalia wote. Sijawahi kuona watu wakilia kwa raha kiasi kile, na mimi nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu siku ya lile swali.

Dada Evanthia, ahsante kwa makelele na kwa kahawa chungu. Ahsante kwa kila mfiwa uliyemsindikiza mpaka mlangoni. Kanywe tsipouro, ile pombe yako kali ya zabibu, mchana bila kutazama saa, na Mungu akujalie afya na miaka ya kutosha. Wapo wengi mjini humu wanaopata usingizi kwa sababu yako. Sasa kalale na wewe.