Agripina Aliyemwacha Mwanawe Rehani

Mpendwa wetu Agripina Sostenes Alute alizaliwa tarehe 14 Mei 1974 kijijini Ihanja. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari akasoma Singida mjini, kisha akaenda Dar es Salaam kusomea ustawi wa jamii. Alikuwa mwoga wa kutupwa. Radi ikipiga, yeye chini ya kitanda, hata ukubwani. Mwaka 2003 alifunga ndoa na Melkiori Mazengo wa Itigi, aliyeujua woga huo na akaoa hivyo hivyo.

Mwaka 2013 alihamishiwa Mkalama kuwa afisa ustawi wa jamii, akihudumia kambi za Wahadzabe, jamii ya wawindaji. Gari lake likisikika tu, watoto walitimkia porini. Yeye alidhani ni ushamba.

Julai 2015, katika kambi mojawapo, alimkuta mtoto wa Yunisi, mama wa Kihadzabe, amezidiwa na homa. Yunisi mwenyewe alikuwa amejifungua majuzi, hawezi safari. Agripina akasema kama walivyozoea ofisini, "Tunamchukua mtoto." Yunisi akamkumbatia mwanawe, akarudi nyuma. Mkalimani Calist, Mhadzabe wa hapo, akamvuta Agripina pembeni.

"Mama, hilo neno acha. Kaka yake Yunisi, watu wa serikali walimchukua hivyo hivyo kwa gari, eti akasome. Mpaka leo hajarudi."

Yunisi akaongea, macho kwenye gari. Calist akatafsiri: "Anasema, wa kwake unaondoka naye. Wa kwako anabaki?"

Garini alikuwemo Faith, binti yake wa miaka tisa, maana shule zilikuwa zimefungwa. Mtoto wa Yunisi akaanza degedege. Ndipo Agripina akamshusha Faith, akaondoka bila kutazama nyuma, maana angetazama angerudi.

Hospitalini, kila muuguzi alipokisogelea kitanda cha mtoto, alisimama akamuuliza hali yake. Alilia, asijue anamlilia mtoto yupi. Mtoto alipona, naye akamrudisha kwa mikono yake. Faith alikuwa na watoto wa kambi, anatafuna mizizi ya kuchoma. Tangu hapo, kambini Agripina alitaja kwanza siku ya kumrudisha mtoto, ndipo akasema anampeleka wapi.

Machi 2024 aligundulika na saratani ya kizazi. Alifariki tarehe 9 Februari 2025, nyumbani kwake Mwankoko. Wiki yake ya mwisho alimuuliza Faith, anayewasomea wasifu huu, kama alimsamehe.

"Siku ile sikuogopa, mama. Nilijua utarudi. Leo ndiyo naogopa."

"Hata mimi," alisema.

Ameacha mume, Melkiori, mama yake mzazi, Bibi Damari, na binti mmoja, Faith, ambaye bado anaogopa. Mungu ampokee, ampumzishe kwa amani.