Bi Nyaguthii na Foleni Bandia

Mwisho wa mwezi huu, tarehe 30 Juni, Bi Nyaguthii anafunga miaka ishirini na minne ya kazi katika kituo chetu cha boti za wagonjwa hapa Lamu. Alikuja kutoka bara kuwa mpokeaji wa redio. Kompyuta zilipoletwa kuchukua nafasi yake hakununa. Aliuliza zinafanyaje kazi, akaenda kusomea, akarudi kuwa mtunzi wa programu zetu.

Siku hizi zahanati za visiwani huita boti kwa ujumbe wa kompyuta. Ujumbe hungoja kwenye foleni iliyoko katika mitambo ya kukodi, mbali sana, mpaka mfumo wetu uuchukue na kutuma boti. Zamani tulijaribia programu zetu kwenye foleni hiyohiyo ya kweli. Intaneti ikikatika, majaribio yote yalifeli hata kama programu haina kosa. Siku moja ujumbe wa majaribio ukapenya hadi kwa nahodha wetu, Bwana Husseini, naye akaenda mpaka Kiwayu. Sauti yake redioni tunaikumbuka sote: "Bi Nyaguthii, mgonjwa yu wapi? Ndia yote hii nimekuja bure?"

Bi Nyaguthii aliona aibu, lakini udadisi ukamzidi. Akatunga foleni bandia: kijiprogramu kinachokaa ndani ya kompyuta yetu, kinachopokea ujumbe na kujibu kama ile ya kweli, bila chochote kutoka nje ya ofisi. Bwana Husseini hakusumbuliwa tena.

Sisi tulishangilia. Yeye akabaki anakuna kichwa. "Hii yetu ni tiifu mno," alisema. "Ile ya kweli ina vituko gani?" Akachimba, akagundua kwamba ile ya kweli huweza kuleta ujumbe mmoja mara mbili. Akaifundisha ile bandia kituko hicho, na jaribio likafeli papo hapo: mfumo ulikuwa unatuma boti zetu zote mbili kwa mgonjwa mmoja! Akaurekebisha.

Haukupita muda, ujumbe wa mzee aliyeanguka Siyu ukafika mara mbili kweli. Boti moja tu ikaondoka. Ikiwa bado iko njiani, zahanati ya Ndau ikaita: Mwalimu Bochaberi ameshikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Boti ya pili ilikuwa gatini, tayari. Mama na mwana wakafika hospitali salama. Bi Nyaguthii alipopata habari alitoka nje akalia, kisha akarudi kuuliza kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Ni wa kike.

Jana, akimkabidhi Bwana Raiyan kazi, alimuuliza itakuwaje ujumbe wa kughairi safari ukitangulia ule wa kuita boti. Tunapochapa ukurasa huu, Raiyan bado anaandika jaribio la swali hilo.

Bi Nyaguthii, ahsante kwa kazi na kwa maswali. Mungu akupe afya, mapumziko mema, na mambo mengi ya kukushangaza.